Picha ya Kumpelekea Mama

Tulimwita Mpiga Picha. Jina lake halisi nalijua, liko kwenye pasipoti niliyomshikia mara kadhaa pale mapokezi ya hoteli, lakini hata nikilitaja leo kwa wafanyabiashara wa zama zile wataniuliza, "Nani huyo?" Nikisema Mpiga Picha, wananyamaza. Wapo wanaotikisa kichwa na kubadilisha mazungumzo. Mimi sipendi hivyo. Mtu niliyekula naye, nikagombana naye, nikacheka naye miaka minne, siwezi kukubali abaki kuwa mtu wa kosa moja tu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega yameinama kwa kukaa miaka mingi kwenye chumba cha giza. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa na rangi ya kahawia ya dawa za kusafishia picha, na rangi ile haikutoka hata asugue vipi. Nyumbani Tanga alikuwa na studio ya chumba kimoja, ukutani pazia lenye mlima na maporomoko ya maji. Guangzhou kule China alifuata filamu, albamu, fremu na taa za kumulika. Miaka ile ya tisini mwishoni Waswahili tuliokuwa tunakwenda kule tulikuwa wachache, tunajuana wote. Mimi nilifuata nguo za watoto. Mama Neema wa Moshi alifuata mapazia na mashuka. Idrisa wa Unguja, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mcheshi huyo, alifuata mikanda na viatu. Sisi wanne tulifikia hoteli moja, na tulivyozoeana tukawa kama watu wa nyumba moja.

Mzigo wa kule una kungoja. Unaagiza, unatoa cha kutanguliza, laobani anakwambia njoo baada ya siku tano. Laobani ndiye bosi, ndivyo wanavyowaita wenye maduka, nasi tukawaita hivyohivyo. Basi siku tano hizo wengi wetu tulilala tu, tukajikuna, tukahesabu nani karudi nyumbani na nani kaja. Mpiga Picha hakuweza. Asubuhi unasikia mlango unagongwa.

"Mama Rama! Umekuja China kutazama dari?"

Akatuzoesha hivyo mpaka ikawa desturi yetu. Mzigo ukiwa kiwandani, sisi na kamera. Kwanza tulizunguka mjini tu, mitaa ya zamani ya Liwan yenye majumba yaliyotanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, kando ya mto, mlima Baiyun. Baadaye tukawa tunapanda basi kwenda miji ya pwani, tunalala siku mbili kwenye vinyumba vya wageni, tunarudi miguu imevimba na uso umeungua jua. Kila mmoja akanunua kamera yake ya bei poa. Yeye ndiye mwalimu, yeye ndiye mbeba chai ya tangawizi na mayai ya kuchemsha, yeye ndiye mgomvi.

Mimi kazi ilinishinda. Nilikuwa nakata watu vichwa. Picha zikitoka anazipekua, anaipata yangu, anainyanyua juu ili wote waione.

"Mama Rama, umechinja tena! Bismillahi ulisoma lakini?"

Kwenye matembezi alikuwa na sheria moja, kwamba hanunui mtu kitu. Mama Neema akiona pazia limeninginia dukani roho inamruka. "Bei tu, kaka, naulizia bei tu." Naye anamshika mkono kama mtoto. "Ukiuliza bei umeshanunua. Twende." Mama Neema anatukana Kichaga, sisi tunacheka, tunakwenda.

Jambo lililonikera kwake ni kusimama. Anatembea vizuri, mnazungumza, mara kasimama katikati ya soko la nguo la Shisanhang, na Shisanhang ile wapagazi wanapita na marobota begani, hawana breki wale. Wanamfokea kwa Kikantoni, mimi namfokea kwa Kiswahili. "Utavunjwa miguu, wewe!" Anasema, "Ngoja. Jua linafika kwenye lile dirisha." Tunangoja. Jasho linatutoka. Jua linafika kwenye dirisha, kweli linapendeza, anatazama, kisha anashusha kamera na kuondoka.

"Mbona hupigi?"

"Nimeshaiona."

Nikamwambia siku ile kwamba nusu saa ya maisha yangu nitamdai kiama. Akacheka, akanipa yai.

Hakuwa mtu wa kusema sana kuhusu dini, lakini sala hakuikosa, isipokuwa Ijumaa moja mwanga ulipokuwa mzuri kando ya mto akachelewa hotuba nzima, akaja analia kwa aibu. Hapo ndipo utamwelewa. Aliumia haraka kwa makosa madogo. Na uongo wa biashara aliuchukia kupita kiasi. Safari moja aliuziwa filamu zilizokwisha muda, zimefungwa kwenye maboksi mapya. Alirudi dukani. Laobani anamwambia "meyo, meyo", yaani hakuna, hakuna kitu kama hicho. Yeye Kichina chake ni maneno kumi. Akavuta kigoda akakaa mlangoni, asubuhi mpaka wanafunga, kesho yake tena. Siku ya tatu wakambadilishia zote.

Nilimuuliza kwa nini ajitese hivyo kwa boksi moja. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mtu kazaa, kaniita nimpigie mtoto. Filamu mbovu. Je, mtoto atarudi tumboni atoke tena?"

Huyo ndiye mtu aliyekuja kufanya alilofanya, na hapo ndipo watu wanaposhindwa kumwelewa. Mimi mwenyewe ilinichukua muda.

Mali yake yote hakuifanyia uchoyo. Chai, nauli, mayai, dawa, vyote alitoa. Filamu ndiyo aliyoifanyia uchoyo. Filamu ilikuwa bidhaa yake ya kwenda kuuza, kwa hiyo kila matembezi alijipimia mkanda mmoja, picha thelathini na sita, ikiisha imeisha. Na hizo thelathini na sita hazikuwa zetu sisi. Zilikuwa za mikono ya bibi anayemenya karanga, za nguo zilizoanikwa kwenye mianzi, za milango. Sisi tulikuwa tunamkatisha. "Nipige hapa, nipige na hili jumba." Naye hakuwa mtu wa kukataa.

Sasa, ndani ya basi tukienda pwani, akatuchekesha kwa kisa cha harusi za Tanga. Watoto wanamzunguka mpiga picha, wanang'ang'ania kupigwa, kila mmoja anataka. Ukiwapiga wote umefilisika. Basi wapiga picha wa kwetu wana dawa yao, inaitwa kupiga hewa. Kamera unaiacha tupu, au filamu ikishaisha huweki nyingine, unawapanga watoto, unawaambia wacheke, unawamulika. Wanaondoka wanarukaruka. "Mtoto anataka kumulikwa," alisema, "hataki picha. Kesho hata hakumbuki." Idrisa alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Nalisema hili wazi kwa sababu nilicheka sana, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyemuuliza kama na sisi anatupiga hewa.

Siku yenyewe tulikuwa Shamian, kile kisiwa kidogo cha mtoni chenye majumba ya kizamani ya Wazungu na miti mikubwa. Ilikuwa mchana, baridi kidogo. Mpiga Picha alikuwa amemaliza mkanda wake kwa mzee mmoja aliyekuwa akichana ndege kwa mswaki, kitu cha ajabu kweli, sikumlaumu. Idrisa akaenda kwenye kizuizi cha chuma kando ya mto, akaegemea, mguu mmoja juu ya chuma cha chini, kidevu juu. Alikuwa na shati jipya la manjano.

"Mzee, nipige moja ya kumpelekea mama. Aone sijakonda. Aliniapia China nitakufa njaa."

Mpiga Picha akainua kamera. Akamwambia asogee kidogo kwenye mwanga. Akabonyeza mara moja. Akabonyeza tena. "Safi kabisa," alisema.

Kurudi njiani Idrisa akasema anasikia baridi. Tukamwambia ni hewa ya mtoni. Mpiga Picha akampa koti lake na vidonge vya maumivu. Kesho yake homa, kesho kutwa hospitali. Madaktari walihangaika naye, lakini ilikuwa malaria, kaja nayo mwilini kutoka nyumbani, nayo ilipojulikana ilikuwa imempanda kichwani. Siku ya nne alfajiri Idrisa akafa.

Waislamu wa kule, Wachina wenye kofia nyeupe, ndio waliomwosha wakamzika. Wanaume wa kwetu waliokuwepo mjini walikwenda wanne. Mimi na Mama Neema tulibaki hotelini, na mimi ndiye niliyepiga simu Unguja kwa mama yake, Bi Time. Mungu anisamehe, sijawahi kusikia sauti kama ile. Wanaume waliporudi kutoka makaburini na udongo kwenye viatu, Bi Time bado alikuwa analia kwenye simu na mimi nimeishiwa maneno. Mpiga Picha akaninyang'anya mkono wa simu.

"Mama. Mama, nisikilize. Mimi ninayo picha yake. Nimempiga majuzi tu. Kasimama, anacheka."

Kilio kikakatika.

"Kasimama?"

"Kasimama, mama. Hakukonda."

"Basi niletee, mwanangu. Mwili sikuuona, kaburi silioni. Niletee nimwone alivyokuwa."

Akasema, "Nitaleta." Akaweka simu. Nilimwona uso umemgeuka kijivu, nikadhani ni msiba. Sote tulikuwa na nyuso za kijivu.

Kuanzia hapo ndipo alipoanza kutukimbia. Matembezi yakaisha. Mzigo wake ukawa kiwandani siku tano, yeye siku tano hizo zote yuko Shamian peke yake. Kila msafiri wa Unguja alikuja na swali moja, "Bi Time anauliza, ile picha imesafishwa?" Jibu lake, bado. Mwaka mzima, bado. Nikapita Unguja mwenyewe, nikaenda kumpa pole yule mama nyumbani kwake mtaa wa Ng'ambo. Sebule ilikuwa imepigwa chokaa upya. Katikati ya ukuta msumari mmoja, hauna kitu.

"Hapo nimemwekea," Bi Time aliniambia. "Watu wananiambia hitma imeshasomwa, nimwachie Mungu. Nitamwachia. Lakini nataka kujua kwanza alikuwa na hali gani. Alikuwa anakula? Alikuwa na furaha? Mama hujua akimtazama mwanawe usoni. Mwambie huyo ndugu yangu wa picha simharakishi, ila mimi nazeeka."

Nilirudi Guangzhou na hasira za kweli. Nikamkuta chumbani, meza imejaa picha. Kila moja ni ileile, kizuizi cha chuma na mto nyuma yake, mchana, asubuhi, mvua inanyesha. Hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Nikaogopa. Kisha nikaona moja yenye mtu, shati la manjano, kageuka nusu, uso umefifia.

"Hii hapa! Mwaka mzima unamtesa yule mama kumbe ndiyo hii?"

"Huyo si Idrisa," alisema.

Alikuwa Mkongo mmoja aliyelala ghorofa ya pili, umbo kama la Idrisa. Kamnunulia shati sokoni Shahe, kamsimamisha palepale. Hapo ndipo akaniambia yote, kakaa kitandani, vile vidole vyake vya kahawia kaviweka magotini. Kamera ilikuwa tupu. Alimpiga hewa.

Nilimtukana. Sitayaandika hapa niliyosema. Mwishowe nikamwambia, "Na hii unataka kuifanya nini? Umpelekee mama mgongo wa Mkongo?"

"Nilitaka. Nilipoiona imetoka vizuri ndipo nilipojiogopa. Nimekaa nayo miezi mitatu, kila siku nasema leo nitaituma."

Nikaichana. Hakunizuia.

"Basi mwambie iliungua," nikasema. "Filamu zinaungua kila siku. Mwambie imeungua, yaishe. Atalia, atakusamehe."

"Ndiyo, atanisamehe." Akanitazama, na macho yale siyasahau. "Sitaki anisamehe jambo ambalo sikulifanya. Halafu nibaki na lile nililolifanya."

"Basi mwambie kweli!"

"Kila nikishika simu namwona anavyosimama pale. Namwona vizuri kuliko ninavyokuona wewe. Ningekuwa na filamu nisingemkumbuka hivi. Kanikaa hapa, Mama Rama. Nikifumba macho yupo, nikifumbua yupo."

Tukaachana vibaya. Safari mbili zilizofuata sikumwona. Nilisikia kauza studio, na lile pazia lake la mlima, na kamera zote isipokuwa moja. Watu walisema kachanganyikiwa. Mimi nikasema Mungu ndiye ajuaye, lakini moyoni nilisema na akome.

Mara ya mwisho kuwa naye ilikuwa mwishoni mwa miaka yetu ile minne. Nilikuwa nimetua uwanja wa ndege wa Baiyun na begi langu, nikasikia, "Mama Rama." Alikuwa kazeeka ghafla, ndevu nyeupe. Kamshika mkono mwanamke wa buibui, mfupi, anatembea polepole anatazama dari la uwanja wa ndege. Bi Time. Walikuwa kwenye ndege ileile niliyopanda, wamekaa nyuma kabisa, sikuwaona.

Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako kaja kunichukua mwenyewe nyumbani. Kanambia njoo uone kwa macho yako."

Mpiga Picha akanivuta pembeni. "Sijamwambia bado. Nimemleta kwanza aone kaburi. Twende wote kesho, tafadhali. Peke yangu sitaweza."

Makaburini yule mama alikaa chini moja kwa moja, akasoma Yasini yote bila msahafu, akapapasa udongo, akatoa majani yaliyoota. Hakulia. Alipomaliza akajifuta mikono kwenye kanga aliyovaa ndani ya buibui. "Sasa nipeleke alipopigwa picha," alisema.

Tukaenda Shamian. Mchana, watu wanapita, maharusi wa Kichina wanapigwa picha chini ya miti. Alipofika pale kando ya mto Mpiga Picha alisimama mbele ya Bi Time, nami nikasogea nyuma kidogo, utadhani kosa ni langu. Akasema kwa Kiswahili cha moja kwa moja, bila kuzunguka.

"Mama, picha hakuna. Haikuwepo tangu siku ile. Alinambia nimpige moja ya kukupelekea wewe. Filamu ilikuwa imekwisha, na mimi sikutaka kumkatalia, nikabonyeza kamera tupu. Kisha nikakudanganya kwenye simu. Nimekudanganya miaka yote hii."

Bi Time akamtazama. Mimi nilidhani atampiga. Nilitamani ampige.

"Yeye alijua?"

"Hakujua, mama. Alifurahi."

"Alivaa nini?"

"Shati la manjano, jipya. Kifungo cha juu hakukifunga."

"Hakifungi," alisema Bi Time. "Alikuwa hakifungi tangu mdogo. Alisimama wapi?"

Mpiga Picha akaonyesha kwa kidole. Akaanza kueleza alivyosimama, mguu wapi, kidevu wapi.

"Nionyeshe," alisema Bi Time.

Hakuelewa. Bi Time akamsukuma kifuani kwa vidole viwili, taratibu, kuelekea kizuizi. "Simama kama alivyosimama. Nimekuja mbali. Nionyeshe mwanangu."

Akanipa begi la kamera. Akaenda kwenye chuma, akaegemea, mguu mmoja juu ya chuma cha chini, kidevu akakiinua. Mtu mzima na ndevu zake nyeupe, anajaribu kucheka na machozi yanamtoka. Wachina wawili walisimama kumwangalia, wakaondoka.

Bi Time akarudi nyuma hatua mbili, akakunja macho.

"Bega la kushoto," alisema. "Idrisa alilishusha bega la kushoto."

Akalishusha.

Yule mama akashika mdomo. Alimtazama pale alivyosimama, juu mpaka chini, polepole, usoni, kifuani, miguuni, akarudi usoni. Upepo wa mtoni ukawa unapuliza buibui lake. Mguu wa Mpiga Picha ulianza kutetemeka juu ya kile chuma, kisha mwili mzima, lakini hakushuka, na Bi Time hakumwambia basi.